Vichwa Alivyovishika Fundi

Siku helikopta ya kwanza ya watu wa gesi ilipopita juu ya mtaa wetu pale Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, sote tulitoka nje kuitazama, wazee kwa watoto, wanawake wengine wakiwa na unga mikononi. Fundi peke yake aliingia chini ya meza. Mkewe alimkuta huko amekumbatia mguu wa meza, sindano ingali mdomoni.

"Toka, imeshapita," mkewe akamwambia.

"Imepita kwenda," Fundi akajibu kutoka kule chini. "Bado kurudi."

Alikuwa mwoga. Nalisema hilo mapema kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha, wala hakupenda mtu amfunikie kwa maneno matamu. Aliogopa mbwa, aliogopa pikipiki, aliogopa mtu anayemwita kwa nyuma. Aliishi hatua chache tu kutoka bandarini, lakini sikumwona hata siku moja akiingia baharini kupita magoti. Barazani kwake alikaa mgongo ukutani, uso barabarani, na mlango wa uani aliuacha wazi hata mvua ikiingia ndani. Makaburini hakukanyaga kabisa. Wanaume wa mtaa walisimulia kwamba wakienda kuzika, yeye hubaki nje ya ua, viatu mkononi, akisoma Fatiha kwa sauti ya chini, na wakitoka huwapa mkono mmoja mmoja kana kwamba alikuwa nao ndani. Vijana walimcheka usoni. Naye aliwaambia, "Mimi naogopa kwa niaba yenu. Siku mtakapoanza nyinyi, mtanikuta nimeshazoea."

Kazi yake ilikuwa kushona kofia kwa mkono, zile nyeupe zenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi, ambazo moja huchukua mwezi na zaidi. Hakukata kitambaa kabla ya kushika kichwa cha mwenye kofia. "Ngoja nikishike kwanza," alisema, kisha akafumba macho, akapitisha viganja kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, polepole, kama mtu anayechagua papai. Nilipokuwa msichana tulikuwa tukijibanza nyuma ya ukuta kumchungulia. Mtu mzima mwenye wake wawili na duka sokoni ameinamisha kichwa kama mtoto anayenyolewa, na Fundi anampapasa, kimya. Tulicheka mpaka machozi. Leo ninapofikiria, namwona yule mtu mzima alivyokuwa akiinuka pale na uso uliolegea, kama aliyelala usingizi mzuri.

Baada ya kushika, alizungusha uzi mnene kichwani, akapiga fundo pale ncha zilipokutana, na fundo jingine kuonyesha kina cha kofia. Kwenye uzi ule alifunga kipande cha karatasi chenye jina la mtu. Majina aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, maana shule ya Kireno hakuiingia, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wetu wa chuo cha Kurani. Nyuzi zote ziliishia ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga. Mtaa wetu mzima ulikuwa mle, upande wa wanaume.

Niliwahi kumuuliza mkewe inakuwaje mtu mwoga kiasi kile anashinda ameshika vichwa vya watu, na wengine wakubwa wa serikali.

"Akiwa amekishika haogopi," alinijibu. "Balaa linaanza akikiachia."

Nisimpake asali. Alikuwa na kiburi na mdomo mchafu. Mtu akithubutu kumchagulia maua ya kofia, alimrudishia kitambaa chake hapo hapo. Kofia aliyoimaliza, asipoipenda, aliifumua mbele ya mwenyewe siku mbili kabla ya Idi. Kulikuwa na mshonaji mwingine upande wa soko, na kwa miaka yote niliyowajua hawakuwahi kupeana salamu, na sababu sikuipata. Mkewe alibishana naye kuhusu chumvi, kuhusu mvua, kuhusu nani alimuona nani kwanza siku walipokutana, na Fundi hakukubali kushindwa hata katika hilo.

Gesi ilipopatikana kule baharini upande wa Palma, mji wetu ulijaa wageni. Malori ya saruji, magari ya vioo vyeusi, watu wa kupima ardhi. Vijana waliopata serviso, yaani kazi, kule Afungi, ndani ya uzio mrefu wa kampuni ya gesi, walirudi likizo wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa na kila mmoja alitaka kofia mpya. Mgeni mmoja alishuka kwenye gari akataka kofia kumi na mbili, zote za kipimo kimoja, za kupelekea jamaa zake. Fundi alimtazama juu mpaka chini.

"Vichwa viko wapi?" aliuliza.

Mkalimani akaeleza kwamba jamaa wako mbali, ng'ambo.

"Basi na kofia ziko huko huko."

Mimi mwenyewe nilipata kazi Afungi, sehemu ya dobi. Kwa wiki kadhaa nilikaa ndani, nikifua na kukunja mashuka ya wafanyakazi, kisha nikarudi nyumbani kwa mume wangu, Amade, aliyekuwa mpakizi wa mizigo bandarini. Kila nikirudi, Fundi aliniuliza swali lile lile kabla hata ya salamu kuisha: "Mwanangu, huko ndani ya uzio, kuna mlango wa pili?" Nilimwambia upo. "Umeuona kwa macho yako?" Nilimdanganya kwamba nimeuona.

Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, utingo wa lori. Lori lao lilibeba saruji kutoka bandarini, likapita Awasse, likaenda Palma. Kijana mchangamfu, haketi. Nilimzoea kwa mlio wa honi: dereva akipiga mara mbili nje ya baraza, kijana anaruka juu na Fundi anachomwa na sindano.

Halafu habari zikaanza kuja za vijiji vilivyoshambuliwa na watu wenye bunduki. Kwetu hatukuwaita kwa jina. Tulisema "wale". Wale wamepita mahali fulani, wale wamechoma. Watu walishusha sauti kisha wakaendelea na bei ya samaki. Fundi hakuendelea na kitu. Alifunga mfuko wa nguo akauweka mlangoni, na ukakaa pale mwaka mzima na zaidi, ukipigwa na vumbi, na sisi tukimtania kama anasubiri meli. Bilheti yake, kile kitambulisho cha serikali, aliishonea ndani ya kanzu. Alimwambia kila mtu afanye hivyo hivyo. Hakuna aliyefanya.

Asubuhi wale walipoingia mjini nilikuwa ndani ya uzio, nakunja mashuka. Simu ya mwenzangu ililia kwanza, kisha simu zote zikaanza kulia pamoja, kisha zikanyamaza pamoja, mtandao ukakatika. Msimamizi alituambia tuendelee na kazi kwa sababu hakuna mahali pa kwenda. Nikaendelea. Nilikunja mashuka siku ile, pembe kwa pembe, nadhifu kabisa, na mpaka leo mikono yangu inaona haya ikigusa shuka jeupe. Simu ya Amade haikuita tena.

Nilimtafuta kwa miezi. Nilipanda malori, nikalala kwa watu nisiowajua, nikauliza kwenye kila kambi ya waliokimbia. Katika kambi moja ya barani, kwenye kilima, kati ya vibanda vya turubai, niliona mtu amekaa mgongo kwenye shina la mpapai, uso njiani. Nilimjua kabla sijauona uso.

Mkewe ndiye aliyenisimulia walivyotoka. Risasi zilipoanza, ule mfuko wa nguo uliosubiri mlangoni mwaka mzima Fundi aliuruka. Alirudi ndani akachukua kopo la nyuzi.

"Nilimwambia, unga! Chukua unga! Na yeye anakumbatia kopo," mkewe alisema. "Siku tatu porini, watu wana njaa, wakisikia kopo wanadhani ni maziwa. Wanakuja na watoto wao. Mimi nilitaka ardhi inimeze."

Fundi alikuwa akisikia. Hakubishana, na hapo ndipo nilipojua kwamba amebadilika. Ndipo mkewe akaniambia la pili. Lori la mtoto wao lilionekana limeungua, mbele kidogo ya Awasse. Dereva walimkuta. Utingo hakuonekana, hai wala maiti.

Nilikaa nao siku ile bila kusema nilichojia. Siku ya pili nilimwomba Fundi anionyeshe uzi wa Amade. Picha sikuwa nayo. Zilikuwa kwenye simu yake, na nyingine ukutani, na ukuta haupo. Alichakura kopo akautoa mara moja, kana kwamba ulikuwa juu. Niliuzungusha mkononi. Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiri. Nikaushika hivyo, duara tupu mbele yangu, mahali pa uso wake, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya mashuka.

Nilipotulia Fundi akauliza, "Kofia alikuwa akiivaaje?"

"Nyuma. Nyuma sana, karibu ianguke."

"Akikasirika?"

"Anaivuta mbele. Inakaribia macho."

"Mara ngapi kwa mwezi?"

Nikacheka, katikati ya makamasi. Nikamwambia mara nne, tano. Akauliza zaidi. Aliniuliza kuhusu mluzi wake, chakula alichokataa kula, alivyobeba gunia, bega gani. Alisikiliza amefumba macho, na viganja vyake vilikuwa magotini vimekunjwa kidogo, kama vimeshika kitu. Nilipomaliza alimwita mkewe amletee kitambaa. Kipande cha shuka la msaada ndicho kilichokuwepo. Akaanza kukata.

Ile kofia ilichukua wiki saba. Nilikaa pale kambini wiki zote, nikimtungia uzi kwenye sindano, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Aliponikabidhi aliniambia, "Ukiweza, ihifadhi. Ukishindwa kuitazama, mtafute mtu hai mwenye kichwa kama hicho umpe." Ninayo bado.

Wanawake wengine waliona. Mmoja akaja, kisha watatu, kisha kukawa na foleni, na wenyeji Wamakonde waliokuwa na wafu wao walikuja pia, Waislamu kwa Wakristo. Wasiokuwa na uzi ndani ya kopo aliwaambia waonyeshe kwa mikono yao wenyewe: ungemkumbatia kichwa, ungeiweka wapi? Mwanamke alinyoosha mikono hewani, na Fundi akaja polepole na uzi akapima lile pengo lililo kati ya viganja. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama wanawake wale, mikono imeshika hewa, hakuna anayethubutu kuisogeza.

Alikuwa bado yule yule mwoga. Tairi la lori likipasuka barabarani, yeye ndiye wa kwanza chini. Mkewe alipofariki kwa homa, kule kule kambini, watu walidhani safari hii ataingia makaburini. Hakuingia. Alisimama nje, viatu mkononi, na wengine walimkasirikia sana. Nilimpelekea uji, akaniambia bila kunitazama, "Alijua. Tulishabishana hilo zamani, na hilo peke yake nilimshinda."

Nilimuuliza kwa nini hamshonei mtoto wake. Nilidhani atasema bado anamtumaini.

"Uzi wake sina," alisema. "Kila nikimwambia njoo nikushike, honi inalia. Nimevishika vichwa vya mji mzima, mwanangu. Chake nilikishika siku aliyozaliwa tu, na kichwa cha mtoto mchanga si kipimo." Akanyoosha mikono hewani kama walivyonyoosha wale wanawake, akaitazama, akaishusha. "Unaona? Haisimami mahali."

Hapo ndipo Bi Zaina alipokuja.

Bi Zaina alikuwa mjane wa mtaa wetu, muuza maandazi. Mtoto wake, Sumaili, aliondoka nyumbani mwaka mmoja kabla ya mji kuingiliwa, na ilijulikana alikokwenda. Watu walisema walimwona asubuhi ile, na bunduki, akipita mitaa aliyochezea. Kambini Bi Zaina alichota maji peke yake baada ya wengine kuondoka, na hakuna aliyemwita.

Alisimama mbele ya Fundi, mchana, watu wanaona. "Fundi," alisema, "uzi wa mwanangu unao?"

Wanawake waliokuwa wamekaa waliinuka, wakakung'uta kapulana zao, zile kanga za kwetu, wakaondoka. Mimi nilibaki na sindano mkononi.

"Ninao," Fundi akasema.

"Nishonee."

"Usimshonee!" nikasema. "Wallahi, Fundi, usimshonee. Kichwa hicho ndicho kilichotuleta hapa. Waume wa wenzangu nani kawaua? Mimi mume wangu nani kamchukua?"

Bi Zaina hakujitetea. Alitazama chini. Fundi alinitazama mimi kwa muda, na alikuwa na hofu usoni, hofu ya waziwazi, kama mtoto aliyevunja chungu. Kisha akamgeukia Bi Zaina akauliza alichouliza kila mtu.

"Alikuwa akiivaaje?"

"Alikuwa akiivua," Bi Zaina alijibu. "Akifika mlangoni tu anaivua, ananivisha mimi. Anasema, leo wewe ndiye sheikh wa nyumba."

Nilitupa sindano nikaondoka. Siku nne sikurudi. Niliporudi, ilikuwa kwa sababu nilijua hawezi kutunga uzi. Kofia ilikuwa imeanza. Nilikaa mbali kidogo nikamtungia, na yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Kile kichwa nakiogopa kuliko vyote. Mara ya kwanza nilikishika ana miaka saba, siku aliyohitimu msahafu. Sasa najiuliza kila siku, kulikuwa na nini mle ambacho sikukisikia? Nakumbuka vizuri. Kovu dogo juu ya sikio, ameanguka mahali. Basi. Hakukuwa na kitu, mwanangu. Kilikuwa kichwa tu."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Nawaogopa wale, nawaogopa na nyinyi. Lakini nimeshakata kitambaa."

Kuna aliyekwenda kusema. Sijui ni nani na sikutaka kujua. Asubuhi moja askari walikuja kambini, wale tunaowaita tropa, wakaenda moja kwa moja kwa Fundi. Walikuwa wameambiwa kwamba mzee anashona kofia za wale, na kwamba ana kopo lenye majina yao kwa Kiarabu. Walimkalisha chini juani. Kopo walilimwaga juu ya turubai, na nyuzi zikatoka zimeshikana kama matumbo ya samaki. Kamanda wao alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliuliza kwa Kireno nani anajua kusoma vitu hivi. Watu wote wakanitazama mimi, niliyesoma chuoni na shuleni pia.

"Soma," kamanda akaniambia. "Moja moja. Kila jina useme yuko wapi."

Nilipiga magoti nikaanza. Huyu ameuawa. Huyu yuko Pemba kwa dada yake. Huyu hajulikani. Askari mmoja aliandika kwenye daftari. Kamanda alikuwa na karatasi yake ya majina ya wanaotafutwa, ameikunjua juu ya goti, na kila nikitaja jina alishusha kidole juu ya karatasi hiyo akitafuta. Nikalisoma la Amade: mpakizi wa bandarini, hajulikani alipo. Kidole kikateremka, hakikuona kitu. Fundi alikuwa pembeni yangu. Kikoi chake kilikuwa kimelowa, na maji yalikuwa yakitambaa kwenye vumbi mpaka karibu na goti langu. Wanawake walisimama mbali wakitazama. Bi Zaina alikuwa kati yao, na safari hii hakuna aliyekuwa amemkimbia. Walikuwa wamemzunguka, sijui kwa kumficha au kwa kumzuia.

Kisha nikaushika uzi wa Sumaili.

Jina lilikuwa limeandikwa wazi, jina lake na la baba yake, kwa ule mwandiko mzuri. Kilikuwa kinywa changu tu. Ukimwacha Fundi mwenyewe, hakuna mwingine pale aliyejua kusoma. Nilimfikiria Amade akivuta kofia mbele. Nilimfikiria yule kijana akipita mitaa yetu na bunduki, na nikasema moyoni, sasa. Kisha nikaona miguu ya Fundi katika maji yake mwenyewe. Alikuwa anaujua uzi niliokuwa nimeushika, angeujua gizani, na hakuniashiria kwa jicho wala kwa kikohozi. Aliniachia.

"Amade," nikasoma. "Mpakizi wa bandarini. Hajulikani alipo."

Yule askari wa daftari akainua kalamu. "Huyo umeshamsoma."

Jua liliniingia puani. Kamanda akanyoosha mkono achukue uzi, na hapo Fundi akasema, kwa sauti iliyokatika katika, "Mwambie ni vipimo viwili. Kabla hajanyoa, na baada ya kunyoa."

Nikatafsiri. Kamanda alizitazama zile nyuzi mbili, moja huku, moja huku. Kisha akavua kofia yake ya kijeshi, akapitisha mkono juu ya nywele zake fupi, kama anayehakikisha. "Ni kweli," akasema, "hubadilika." Akaniashiria niendelee. Nikasoma mpaka mwisho, na sauti niliyoisomea sikuitambua.

Walipoondoka, Fundi hakuinuka. Nilimletea maji na kikoi kingine, nikamgeuzia mgongo abadilishe.

"Umemtoa mumeo akamfunike mtoto wa watu," aliniambia.

"Sikumsamehe mtu," nikasema. "Niliogopa tu."

"Nimekusikia," alisema. "Kuogopa ndiyo kazi yangu."

Bi Zaina alihama kambi ile wiki hiyo hiyo, na kofia aliificha sijui wapi. Hakuja kunishukuru. Ningemfukuza kama angekuja.

Miaka ilipita. Watu wakaanza kurudi Mocímboa, na kazi za Afungi zikarudi kidogo kidogo, nami nikarudi kwenye dobi. Safari iliyopita nilipopata likizo niliamua kwenda nyumbani. Gari letu lilipofika Awasse hakuna abiria aliyesema neno mpaka tulipopita mbali. Nilimkuta Fundi kwenye kiwanja chake, chini ya mabati mapya yaliyoegemea ukuta wa zamani. Amekonda, na macho sasa hayaoni ila mwanga. Hashoni tena. Wasichana wawili wa mtaa wanashona, na yeye anapitisha vidole juu ya kazi yao akiwatukana.

"Nani?" aliuliza niliposalimu. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwekea kichwa changu mikononi, kikiwa na mtandio. Hakuwahi kunishika kichwa maisha yake yote; mimi ni mwanamke na yeye alikuwa mtu wa haya. Alishtuka, akasita, kisha akakishika kwa ncha za vidole tu.

"Wewe unachoka," alisema. "Huli vizuri huko kwenye uzio."

Wakati huo mtu aliingia kutoka uani na sahani ya wali iliyofunikwa. Alikuwa Bi Zaina. Aliponiona alisimama pale pale, na mimi nikasimama. Kumbe ndiye anayempikia. Wasichana wakaacha kushona.

"Kaeni basi," Fundi akasema. "Wali unapoa."

Tukakaa, yeye ncha ile ya mkeka, mimi ncha hii. Hakuna aliyekula. Nilitaka kumuuliza kama amewahi kupata habari ya mwanawe, na niliogopa majibu yote mawili. Yeye ndiye aliyefungua kinywa, akitazama mikono yake.

"Siku ile nilisikia umesoma jina la mumeo mara mbili," alisema. "Mimi nilikuwa nikimjua kwa kumwona tu, akinunua maandazi. Nimeishi na jina lake miaka yote hii, na simjui. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nje kulikuwa na watoto wanacheza, na mmoja alipopiga kelele sote watatu tuligeuza vichwa, tukasubiri, tukasikia kicheko, tukarudi.

"Kichwa chake Fundi anakijua," nikasema mwisho. "Mimi nitakuanzia miguuni. Alikuwa na miguu mikubwa, Bi Zaina, mikubwa ya aibu. Viatu vya kumtosha havikuwepo mji mzima."

Bi Zaina alisogea kwenye mkeka kidogo, ili asikie.